Epicurus Alikula Nini? Jibu kwa Mwalimu Aliyeuliza Kuhusu Falsafa ya Raha

Swali: Mwalimu mmoja wa sekondari, Morogoro, ameandika hivi: "Jumapili tulisomewa Matendo ya Mitume sura ya 17, Paulo akiwa Athene. Mhubiri akatueleza kwamba Waepikureo ndio wale waliofundisha 'tule, tunywe, maana kesho tutakufa'. Binti yangu anasoma falsafa chuoni. Nilipomsimulia akacheka, akasema Epicurus aliishi kwa mkate na maji. Nani mkweli? Na kama alikula mkate na maji, kwa nini aitwe mwalimu wa raha? Mafundisho hayo yanakaa wapi ukiyaweka pamoja na mafundisho mengine ya maadili?"

Jibu: Mwalimu, kwenye suala la chakula binti yako ameshinda. Mhubiri naye hakujitungia. Amerithi tuhuma yenye umri wa zaidi ya miaka 2,000, na nitakuonyesha mahali ambapo ana hoja. Ila maneno "tule, tunywe" si ya Epicurus, mwanafalsafa Mgiriki ambaye Waepikureo wanaitwa kwa jina lake, hata kidogo. Yamo katika Isaya 22:13, na nabii huyo aliishi karne kadhaa kabla Epicurus hajazaliwa. Paulo anayarudia katika 1 Wakorintho 15:32 kujenga hoja yake mwenyewe: kama wafu hawafufuliwi, basi imebaki kula na kunywa. Sisi tungesema ponda mali, kufa kwaja. Epicurus alikubali kwamba tukifa tumekwisha, lakini hitimisho la kuponda mali alilikataa katakata.

Kuna mwalimu mwingine wa raha aliyemtangulia, na nadhani picha iliyo kichwani mwa watu wengi inamfaa yeye zaidi. Anaitwa Aristippus, alizaliwa karibu mwaka 435 KK huko Kirene, mji uleule wa Simoni Mkirene aliyebebeshwa msalaba. Magofu yake leo yako mashariki mwa Libya. Kwa hiyo falsafa ya raha ya Wagiriki, kama shule yenye jina, ilizaliwa katika bara letu, jambo ambalo sijui kwa nini hatulitaji mara kwa mara. Aristippus alikwenda Athene akawa mfuasi wa Socrates, yule mzee wa pekupeku ambaye hakutoza ada. Mwanafunzi alitoza.

Habari zake nyingi tunazipata kwa Diogenes Laertius, mwandishi wa karne ya 3 BK aliyependa umbea wa wanafalsafa kuliko hoja zao, kwa hiyo zisomwe kwa tahadhari. Moja inapendeza. Diogenes mwingine, yule Mkyniko aliyeishi kwa ufukara wa makusudi, alikuwa anaosha mboga zake, akamwona Aristippus anapita. Akamwambia: ungejifunza kula hizi, usingekuwa unajipendekeza kwa watawala. Aristippus akamjibu: na wewe ungejua kuishi na watu, usingekuwa unaosha mboga. Alikuwa amezoea kweli jumba la mtawala wa Sirakusa, na alipotuhumiwa kutekwa na Lais, kahaba mashuhuri wa zama zile, alijibu kwamba yeye anamiliki, hamilikiwi. Shika hilo jibu la pili, kwa sababu ndilo lenye falsafa. Aristippus alidai kwamba anayestahili kusifiwa si anayejinyima raha. Ni yule anayeitumia bila kuburutwa nayo.

Waliomfuata wakalijenga fundisho kamili. Mjukuu wake, aliyeitwa jina lilelile, alifundishwa na mama yake Arete, binti wa Aristippus, ndiyo maana Wagiriki walimpa jina la utani la "aliyefundishwa na mama". Wakirene walisema kitu pekee tunachokijua kwa hakika ni tunavyojisikia sasa hivi. Sijui kama asali yenyewe ni tamu. Najua kwamba mimi nimesikia utamu. Basi jema haliwezi kuwa kitu cha mbali na hisia hiyo. Jema ni raha ya sasa, ya mwili hasa, na kila raha ni jema kwa wakati wake. Hata "maisha ya heri" kwa ujumla wake walikataa kuyafanya lengo. Heri ni jumla tu ya raha mojamoja, na jumla haina thamani kuliko vipande vilivyoijenga.

Fundisho hili lilikwenda mahali pa ajabu. Kama jema ni raha za sasa, na mwili umejaa maumivu, je, hesabu inalipa? Hegesias, Mkirene wa baadaye, alifanya hesabu akasema hailipi: heri haiwezekani, na mwenye hekima atosheke na kukwepa maumivu. Cicero, mwanasiasa na mwandishi wa Kirumi, anasimulia kwamba mfalme Ptolemy wa Misri alimpiga marufuku kufundisha, kwa kuwa waliomsikiliza walikuwa wakijitoa uhai. Mkirene mwingine, Anniceris, alijaribu kuiokoa shule kwa kurudisha ndani urafiki, shukrani, na heshima kwa wazazi na nchi, akisema mwenye hekima atavumilia taabu kwa ajili ya hivyo. Ubinadamu wake naupenda, lakini hoja imeshamponyoka: ukikubali taabu kwa ajili ya rafiki, raha yako si mwamuzi wa mwisho tena.

Sasa Epicurus. Alizaliwa kisiwani Samos mwaka 341 KK, baba yake akiwa mwalimu wa shule kama wewe. Karibu mwaka 306 KK alifungua shule yake Athene katika bustani ambayo, kwa mujibu wa Laertius, aliinunua kwa mina 80 za fedha ya Kigiriki. Humo walisoma na kuishi pamoja wanaume, wanawake na watumwa, na hilo peke yake liliwapa watu la kusema. Seneca, mwanafalsafa wa Kirumi, alikuwa Mstoiko, yaani wa kambi ya upinzani, lakini yeye ndiye anayetueleza kuhusu maandishi ya langoni: mgeni, hapa utakaa vizuri, hapa jema kuu ni raha. Ukiingia, mwenyeji mkarimu anakuandalia uji wa shayiri na maji tele. Seneca huyohuyo anasema kulikuwa na siku ambazo Epicurus alijipima kwa kula chakula kisichofika thamani ya as moja, sarafu ndogo ya Kirumi, na mwenzake Metrodorus, ambaye hakuwa amefikia kiwango hicho, alitumia as nzima. Na kuna barua ambamo Epicurus anamwomba rafiki ampelekee kijungu cha jibini, ili siku akitaka kufanya karamu aweze.

Kwa nini mwalimu wa raha ahesabu jibini kuwa karamu? Kwa sababu kwake raha ina kikomo, na kikomo hicho ni kuondoka kwa maumivu. Mtu mwenye njaa akila ugali na dagaa akashiba, njaa imekwisha. Kuanzia hapo anaweza kubadili ladha, pilau leo, biriani kesho, lakini raha haiongezeki. Ile hali ya kutosikia njaa, kiu wala baridi, pamoja na moyo usio na fadhaa, ndiyo raha kamili, na ni ya kutulia. Raha za kusisimka zipo na hazikatazwi, ila hazina kilele kingine cha kukupeleka. Hapa ndipo alipoachana na Wakirene. Wao walisema kutosikia maumivu bila kusikia raha ni hali ya mtu aliyelala usingizi. Yeye akasema hali hiyo ndiyo yote tunayoitafuta tunapohangaika.

Ukikubali kikomo hicho, mengine yanafuata yenyewe. Tamaa ziko za aina tatu. Zipo za asili na za lazima, kama kula, kunywa na kujikinga na baridi. Zipo za asili zisizo za lazima, kama kutaka chakula cha kifahari. Halafu zipo zisizo za asili wala za lazima: kuwekewa sanamu mjini, kuvikwa mataji, kutajwa na kila mtu. Za kwanza zinashibishwa kwa gharama ndogo. Za tatu hazina mwisho, kwa kuwa hakuna maumivu yanayokoma unapozipata. Umaarufu haujui kushiba. Anayetaka raha, kwa hesabu ya Epicurus, hana budi kuwa na kiasi. Katika barua yake kwa Menoeceus anasema waziwazi kwamba akiitaja raha hamaanishi raha za waasherati, wala ulevi wa mfululizo, wala samaki na vinono vya meza ya kifahari. Anamaanisha akili timamu inayopima nini cha kuchagua na nini cha kuepuka. Na mkate na maji, anaongeza, vinaleta raha ya juu kabisa vikiletwa mbele ya mwenye njaa.

Maumivu ya mwili, lakini, yalikuwa nusu ndogo ya kazi yake. Fadhaa kubwa aliiona rohoni: hofu ya miungu na hofu ya kifo. Muhtasari wa dawa yake tunao katika magombo ya Mwepikureo Philodemus yaliyofukiwa pale Herculaneum, mji wa Italia, volkano ya Vesuvius ilipolipuka mwaka 79 BK: mungu si wa kuogopwa, kifo si cha kuhofiwa, jema linapatikana kwa urahisi, na baya linavumilika kwa urahisi. Miungu ipo, alisema, lakini imetulia katika heri yake, haimlipi mtu wala haimwadhibu. Kifo si kitu kwetu, maana tukiwepo hakipo, na kikiwepo hatupo.

Hapo ndipo mhubiri wako ana hoja, Mwalimu. Ugomvi wa kweli kati ya Epicurus na dini zetu hauko mezani wala kwenye pombe. Uko kwenye hukumu, ufufuo na Mungu anayeshughulika na wanadamu. Matendo 17:32 inasema waliposikia habari ya ufufuo wa wafu wengine walidhihaki. Haitaji ni kundi gani, lakini Mwepikureo aliyekuwepo pale asingeweza kukubali bila kuivunja falsafa yake nzima. Kwa mkanaji wa malipo ya akhera ilikuwa rahisi kumbandika ulafi, na walioanza kumbandika walikuwa Wagiriki wenyewe, wakati Ukristo haujazaliwa. Timocrates, ndugu wa Metrodorus, aliikacha bustani akaenda kuandika kwamba Epicurus alikuwa akitapika mara mbili kwa siku kwa kuvimbiwa anasa. Maneno ya mtu aliyetoka kundini akiwa na kisirani huwa yanasafiri haraka, na haya yamefika mbali.

Umeuliza pia falsafa hii inakaa wapi kati ya nyingine. Kwanza tuelewane kwamba Wagiriki wote hawa walikuwa na swali moja: maisha yangu yote yalenge nini ili niseme nimeishi vema? Kila shule ilitaja lengo, kisha ikapanga mengine yote chini yake. Raha lilikuwa jibu lenye watetezi makini. Eudoxus wa Knidos, mwanahisabati na mwanaastronomia wa karne ya 4 KK, alisema raha ndiyo jema kwa kuwa kila kiumbe, chenye akili na kisicho na akili, kinaielekea. Aristotle anasema watu walimwamini zaidi kwa tabia yake njema kuliko kwa hoja, maana alijulikana kuwa mtu wa kiasi sana. Hakuonekana kama mtu anayejitetea.

Plato aliishambulia raha kutoka pande kadhaa. Shambulio ninalolipenda liko katika Gorgias, moja ya vitabu vyake vya mazungumzo. Callicles, kijana mwenye kiburi, anadai kuishi vema ni kuziacha tamaa zikue kadiri ziwezavyo na kuwa na uwezo wa kuzishibisha. Socrates anamuuliza: mtu mwenye upele anayewashwa, na akaruhusiwa kujikuna apendavyo maisha yake yote, huyo ana heri? Callicles anakereka kwamba mazungumzo yameshushwa hadi huko, lakini hana pa kutokea, kwa sababu kujikuna ni raha na fundisho lake halina kipimo cha kuibagua. Katika kitabu kingine, Philebus, Plato anauliza tena: raha bila kumbukumbu wala akili ya kujua kwamba unafurahi, si ni maisha ya chaza baharini? Jibu lake ni kwamba maisha mema ni mchanganyiko, na akili ndiyo inayopima. Aristotle akafuata njia ya kati. Kwake raha haitafutwi peke yake. Inaambatana na kazi inayofanywa vizuri na kuikamilisha, na ubora wake unategemea ubora wa kazi yenyewe.

Wastoiko ndio waliokuwa wapinzani wa kila siku. Waepikureo walisema mtazame mtoto mchanga: kabla hajafundishwa chochote anakimbilia raha na kukimbia maumivu. Wastoiko wakajibu, hapana, mtoto anakimbilia kuhifadhi uhai wake, na raha inakuja baadaye kama kitu cha ziada. Cicero anatuhifadhia picha aliyoichora kwa maneno Cleanthes, mkuu wa pili wa shule ya Wastoiko: Raha amevikwa nguo za kimalkia, ameketi kwenye kiti cha enzi, na Fadhila zimesimama kama wajakazi wake, zikimnong'oneza tu awe mwangalifu. Aliichora ili wasikilizaji waone aibu.

Cha kuvutia ni kwamba picha hiyo Epicurus asingeikana moja kwa moja. Alifundisha kwamba huwezi kuishi kwa raha bila kuishi kwa busara, kwa heshima na kwa haki, na huwezi kuishi kwa mambo hayo matatu bila kuishi kwa raha. Mchukue Mwepikureo mwaminifu na Mstoiko mwaminifu, waweke nyumba moja mwaka mzima. Jirani atapata shida kuwatofautisha. Wote wanakula kidogo, hawadhulumu, hawaogopi kufa. Ukiwauliza kwa nini hawadhulumu ndipo wanapoachana. Mstoiko atasema dhuluma ni ubaya wenyewe. Mwepikureo atasema haki ni mapatano ya kutodhuriana, na anayeyavunja hatalala usingizi kwa kuogopa kugunduliwa. Seneca alilitambua hilo. Alisema mafundisho ya Epicurus ni safi, hata makali ukiyatazama kwa karibu, ila yamevaa vibaya, kama mwanamume shujaa aliyevalishwa nguo za kike.

Nje ya Ugiriki nitapita haraka. Katika ulimwengu wa Kiislamu, tabibu Abu Bakr al-Razi, aliyefariki mwaka 925, alifundisha kwamba raha ni kurudi katika hali ya asili baada ya madhara, kwa hiyo anayefukuza raha nyingi anajitafutia kwanza maumivu mengi. Hilo alilitoa kwa Plato, na linamweka karibu na kikomo cha Epicurus kuliko wengi wanavyodhani. Ulaya, wanafalsafa Jeremy Bentham mwaka 1789 na John Stuart Mill baadaye walirudisha raha kileleni, lakini wakabadilisha jambo zito: waliacha kuuliza raha yangu, wakauliza raha ya wote wanaoguswa na tendo. Immanuel Kant, mwaka 1785, alikuwa ameshaiondoa raha katika msingi wa maadili na kuweka wajibu. Ukisikia mtu anamjumlisha Epicurus na Bentham kapu moja, mkumbushe kwamba Epicurus hakuwahi kumtaka mtu ajitoe kwa ajili ya jumla ya raha za mji. Aliwashauri watu wake wakae mbali na siasa.

Baada ya kumtetea hivi, niseme panapovuja. Siku ya kufa kwake, mwaka 270 KK, akiteseka kwa kuziba mkojo na kuharisha damu, Epicurus alimwandikia rafiki yake kwamba maumivu yamefika ukomo wake, lakini furaha ya kukumbuka mazungumzo yao inasimama dhidi yake. Kisha akamwomba awatunze watoto wa Metrodorus, aliyekuwa ametangulia kufa. Cicero aliinukuu barua hiyo yote, akaisifu, halafu akaigeuza kuwa ushahidi dhidi ya mwandishi wake: hao watoto wa rafiki, na wewe saa chache zijazo hutakuwepo, wanakuongezea raha gani? Mimi naona Cicero amepiga penyewe. Mtu aliyeandika barua ile alikuwa mwema kupita falsafa yake.

Pengo la pili ni la mhalifu asiyeonekana. Plato alisimulia habari ya pete ya Gyges, inayomfanya aliyeivaa asionekane, na Cicero akaitumia kuwabana Waepikureo: kama sababu ya kutoiba ni hofu ya kushikwa, mwenye pete atazuiwa na nini? Waepikureo walilalamika kwamba pete kama hiyo haipo. Hawakuona kwamba hilo si jibu. Epicurus mwenyewe, kwa ushahidi wa mwandishi Mgiriki Plutarch, aliwahi kujiuliza kama mwenye hekima atavunja sheria akijua hatagunduliwa, akaandika kwamba jibu la moja kwa moja si rahisi.

Mwombe binti yako akusomee Barua kwa Menoeceus. Ni kurasa chache na haihitaji mtaalamu. Akimaliza, muulize hilo la pete.